Mwita Majina wa Nyumba ya Mhuli

Milembe binti Limbu, wa Masalu, wa Nyanda. Babu yake Masalu ndiye aliyechimba kisima kule Nkoma, akakutana na mwamba, wenzake wakamwambia aache. Hakuacha. Aliwasha moto juu ya mwamba tangu asubuhi hadi jioni, akaumwagia maji baridi, mwamba ukapasuka na watu wakanywa. Baba yake Limbu alivusha mkokoteni wa pamba mto ukiwa umejaa, maksai wakiogelea, wala halikulowa gunia ila moja, na hilo moja akalianika akaliuza kama mengine. Mama yake alikuwa mkunga. Aliwazalisha wake za mtemi na wake za wachunga ng'ombe wa mtemi kwa mikono ile ile, na wote aliwakaripia sawasawa.

Milembe mwenyewe alimaliza darasa la saba, akaolewa na Masele mwana wa Mhuli, huku mashariki ya Bariadi ambako mashamba ya pamba yanakaribia kugusana na pori. Amelima, amezaa, amezika mume. Lakini ukimwuliza amefanya nini duniani, hatakutajia hata kimoja cha hivyo. Atanyoosha shingo, atafunga kanga yake vizuri, atasema: "Mimi? Nimeita majina."

Usicheke. Katika nyumba ya Mhuli hiyo ni kazi, na ina kiti chake. Nyumba nyingine sijui zinafanyaje, kila nyumba ina mlango wake. Hapo kwa Mhuli kitu kipya kikiingia uani, awe ndama, uwe mche, liwe gugu au ndege asiyejulikana, hakipewi jina na yeyote aliyekiona kwanza. Kinamngoja mke mkubwa wa nyumba akitazame. Akishakitazama mpaka ameshiba, anakiita, na nyumba nzima inaita hivyo hivyo. Milembe alipewa kazi hiyo na mama mkwe wake, Kabula, naye alipewa na mama mkwe wake.

Sasa kazi hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Mhuli, kwa Kisukuma, ni tembo. Na mwanamke aliyeolewa nyumba ile hatamki jina la baba mkwe wake, wala la babu wa mume wake, wawe hai au wawe kaburini. Kwa hiyo wanawake wote wa nyumba ya Mhuli waliishi jirani na pori la tembo bila neno la kumwitia tembo. Bibi arusi Milembe alipojaribu kupita pembeni, akasema "tembo" kwa Kiswahili chake cha darasa la saba, Kabula alimshika mkono.

"Binti, mtu ukimvua rubega ukamvika kanzu, amekuwa mtu mwingine?"

"Hapana, mayu," alijibu, yaani mama.

"Basi. Hilo nalo liache shuleni."

Na adhabu ilijulikana. Mke akitamka jina lile, anaoshwa kinywa kaburini na wifi yake, na tangu siku hiyo haiti tena kitu kipya jina. Chungu kikipasuka hakirudi jikoni. Ndivyo walivyosema.

Milembe hakupasuka. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa alikaa juu ya kichuguu ng'ambo ya lambo, mahali ng'ombe wanaponyweshwa, akamtazama tembo jike akimvutia mwanawe tawi la mgunga. Aliporudi nyumbani alisema, "Nimemwona Mkono-Mmoja." Kabula alikuwa anatwanga. Akasimamisha mchi, akafikiri kidogo, akaendelea kutwanga. Hiyo ndiyo ilikuwa idhini yake. Tangu hapo tembo ni Mkono-Mmoja katika nyumba ile, na watoto wa mle ndani walikuwa wakubwa wa kwenda shule kabla hawajajua kwamba watu wengine wanamwita vingine.

Alikuwa na kipaji, lazima isemwe. Yule yangeyange mweupe anayewafuata maksai wakilima alimwita Nyapara, kwa sababu anatembea nyuma ya wanaofanya kazi, shingo mbele, na yeye halimi. Ng'ombe waliyepewa na jirani baada ya fahali wa jirani huyo kumuua ng'ombe wao alimwita Samahani, na mpaka leo uzao wote wa ng'ombe yule ni kina Samahani. Ukisikia mwanawe Deogratias anasema "Samahani amezaa," usidhani anakuomba radhi. Na lile gugu lenye majani kama ya karoti, lililokuja miaka hii likatambaa kutoka kando ya barabara mpaka mashambani, alilipa jina la Jirani. Halikualikwa, halina haya, na ukiligusa linakuwasha.

Hata majina ya Kiswahili hakuyaacha yalale. Alipokuwa darasa la nne alimwuliza mwalimu kwa nini punda milia aitwe punda na hali hakuna mtu aliyewahi kumbebesha gunia. Mwalimu akamwambia akae chini. Alikaa, lakini swali halikukaa. Aliulizia bata mzinga, akaambiwa ni kwa ajili ya kishindo chake anapojivuna. Aliulizia mwarobaini, akaambiwa unatibu maradhi arobaini, akasema, "Basi aliyeuita alihesabu, au alichoka?" Kanga za dukani alizikagua akitafuta madoadoa ya ndege kanga, na alipoona nguo yenye maua tu alimwambia mwenye duka kwamba hiyo amedanganywa. Kila jina lina mama yake, alisema. Jina lisilo na mama ni yatima, na yatima anaweza kubebeshwa chochote.

Kwa hiyo jambo moja lilimsumbua uzeeni. Kiti kile angemwachia nani? Sayi, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa mwanamke mzuri mwenye heshima. Aliyashika majina yote, hata akiamshwa usingizini angeyataja. Lakini hakuwahi kuuliza hata moja lilitoka wapi. Akaja huyu wa pili, mke wa kitindamimba Deogratias, na kwa huyu Milembe alikata tamaa kabla jua la kwanza halijazama.

Specioza alitoka Binza, pale Maswa mjini, baba yake ana duka la vyombo. Wasukuma kamili, lakini wa mjini; mhuli alimjua kwa jina, kwa macho hajawahi kumwona. Walioana kanisani, wakala pilau, Deogratias akaendelea na kazi yake ya ufundi pikipiki Bariadi na mke akabaki kwa mama mkwe kujifunza nyumba. Binti mwenyewe alikuwa na mikono mizuri ya kuvuna pamba, mwepesi, mchangamfu, na kicheko kama sufuria zinazoanguka.

Milembe alianza kumfundisha kwa utaratibu wake. Mke mgeni huanzia na kile anachoweza kuking'oa kwa mkono: magugu na mboga. Kisha miti, kisha ndege, kisha ng'ombe wa zizini. Wanyama wa porini wanakuja mwisho, maana hao hata ukiwajua majina hawakutii. Siku ile walikuwa bado kwenye magugu.

"Hili ni Jirani," Milembe alisema, akiling'oa moja kwa kipande cha mfuko ili lisimwashe.

Specioza alicheka. Zile sufuria zikaanguka zote.

"Mama jamani! Hilo si gugu karoti? Limeandikwa kwenye bango la bwana shamba pale njia panda, na picha yake."

"Bango limeandika. Limelima?"

"Sasa Mama, kila mtu akiita lake, tutaelewana kweli? Mimi nikienda kununua dawa dukani niseme nipe dawa ya kuua jirani? Si watanipeleka polisi!"

Hapo Ng'washi, wifi yake Milembe, binti wa Mhuli mwenyewe, aliyerudi nyumbani kutoka Mkula baada ya kufiwa na mume, alicheka mpaka akakaa chini. Ng'washi kila siku alikuwa akingoja mtu wa kumkoroga wifi yake, na huyu alikuja na mwiko wake. "Wifi," alisema akijifuta machozi, "mkamwana wako ana mdomo."

Milembe hakucheka. Alilitupa lile gugu, akaingia ndani, na somo likaishia hapo. Hakugombana. Alimpa binti chakula, alimpa kitanda kizuri, alimwitikia salamu. Asubuhi "Mwangaluka, mayu," naye "Mwangaluka." Lakini majina alimnyima. Aliwaza, huyu wa mabango na asome mabango. Miti ikapita bila kufundishwa, ndege wakapita, na wanyama wa porini hawakufikiwa kabisa. Naye Specioza, ambaye kwao duka likiuza sufuria basi ni sufuria, hakujua kwamba kuna kitu alichonyimwa.

Mvua zilikwisha, pamba ikapasuka. Kila mtu alikuwa shambani. Wiki ile ya mavuno kundi la nyuki lilipita juu ya shamba likihama, mvumo wake kama lori linalopanda mlima. "Nyuki!" mtu alipiga kelele, na wavunaji wote wakajifunika kanga vichwani, wakalala kifudifudi kati ya mistari ya pamba mpaka nyuki wakapita. Specioza alilishika somo hilo kuliko lingine lolote, maana mmoja alimwuma sikio kabla hajalala. Siku mbili alitembea na sikio kama andazi, na Ng'washi akimsalimia sikio kwanza, kisha mwenyewe.

Ilipokuwa Alhamisi Specioza alibaki peke yake kwenye kipande cha bondeni, karibu na ua wa minyaa unaotenga shamba na njia ya lambo. Wengine walikuwa juu wakijaza magunia. Jua lilikuwa limeshuka lakini bado kali. Milembe aliteremka na kidumu cha maji ili wapumzike kidogo kisha wapande nyumbani pamoja. Alipofika kwenye mteremko, pale unapoona bonde lote kama uko darini, alimwona.

Alikuwa dume, peke yake, wa rangi ya udongo wa lambo. Alikuwa anakuja nyuma ya minyaa taratibu kama mtu anayetoka kwake kwenda kwake. Ua ulikuwa mrefu na binti alikuwa chini ameinama; hakuweza kumwona. Upepo ulikuwa unatoka kwa binti kwenda kwa mnyama. Na pale ua ulipokuwa na pengo la kupitishia mkokoteni, ndipo Specioza alipokuwa amelundika pamba yake.

Milembe alitupa kidumu. "Mkono-Mmoja!" alipiga kelele. "Specioza! Mkono-Mmoja!"

Binti aliinuka, akageuka kumtazama, mkono juu ya macho. "Abee, Mama?"

"Mkono-Mmoja huyo anakuja!"

"Nani? Mgeni?" Specioza alitazama njia ya nyumbani, akatazama njia ya shule. Hakumwona mtu. Akajifuta jasho, akaanza kujiweka sawa kanga, kama mwanamke anayejiandaa kusalimia.

"Kimbia! Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Hofu ya sauti ile Specioza aliielewa. Kitu cha kuhofia alichokuwa amekijua shambani kilikuwa kimoja tu. Alivuta kanga akajifunika kichwa, akajitupa chini kati ya mistari, palepale kando ya lundo lake, palepale mbele ya pengo.

"Inuka! Inuka!"

"Lala na wewe, Mama!" sauti ilitoka chini ya kanga. "Watakuuma!"

Watu wanapenda kusema jina ni sauti tu. Waulize waliokulia porini. Ukisikia nyoka, unasimama ulipo. Ukisikia nyuki, unalala. Ukisikia fahali amekata kamba, unapanda juu ya kitu. Ukisikia yule mwingine, unatupa ulichobeba na kukimbilia juu, upande ambao upepo haumpelekei harufu yako. "Kimbia" peke yake haikuambii hata moja ya hayo. Milembe alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale kijijini, kwani ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Na jina la kumwinua binti yule lilikuwepo. Lilikuwa mdomoni mwake tangu utoto, Nkoma, kabla ya ndoa. Alikuwa hajalitoa tangu siku Kabula alipomshika mkono.

Minyaa ilianza kupasuka, maziwa yake yakichuruzika.

"Mhuli!" Milembe alisema. Kwanza lilitoka dogo, kama mtu anayekohoa. Kisha akajaza kifua. "Mhuli! Ni mhuli, Specioza! Tembo! Tembo nyuma yako!"

Kanga ilibaki chini peke yake. Binti alipanda ule mteremko bila viatu, hata hakupiga yowe, akampita mama mkwe wake, akarudi, akamshika mkono na kumvuta, wakapanda wote wawili mpaka kwenye mawe. Huko juu ndipo walipogeuka. Dume alikuwa amesimama juu ya lundo la pamba. Aliligusa kwa ule mkono wake, akapuliza, pamba ikaruka kama kuku amenyonyolewa. Aliiinua kanga, akaitazama au akainusa, akaiacha. Kisha alikata shamba kwa mapana, akaangusha kinyesi chake kama mwenye mali, akashika njia ya porini. Vijana walitokea na madebe na filimbi alipokwisha kuondoka, wakamfuata kwa mbali mpaka askari wa wanyamapori walipokuja kumpeleka mbele.

Specioza alimgeukia. "Mama, ulikuwa unasema nani anakuja?"

"Huyo."

"Sasa kwa nini hukusema…" Akanyamaza, kwa sababu alimwona Ng'washi anakuja kutoka juu ya shamba, mikono nyuma, polepole. Hakuwa akicheka.

"Wifi," Ng'washi alisema. "Nimekuwa juu kule nafunga gunia. Nimesikia mtu anamwita baba yangu bonde zima, kama anaita mbuzi."

"Umesikia vizuri," alisema Milembe.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Wewe masikio yako ni mazima, hesabu."

Jioni Deogratias alifika mbio na pikipiki ya mteja, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Aliposikia habari yote alimshika mke wake kwanza, kisha akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, haya mambo ya kuosha kinywa tuyaache. Angekufa huyu. Hilo nalo ni kosa?"

"Nani kasema ni kosa?" Ng'washi alijibu. "Chungu kikidondoka wakati unamwokoa mtoto asiungue, mtoto amepona. Tushukuru Mungu. Lakini chungu je, hakijapasuka?"

"Shangazi!"

"Deo, nyamaza," alisema Milembe. "Anasema kweli. Mimi niliyewatazama wengine wakioshwa, nitasema kinywa changu ni cha dhahabu?" Sauti yake ilikuwa kavu. Lakini Specioza, aliyekuwa karibu, aliona mkono wa mama mkwe umeshika pindo la kanga na kulikunja, na kulikunja, mpaka likawa kama kamba.

Asubuhi walikwenda kaburini, nyuma ya zizi. Milembe ni mtu wa kanisani kila Jumapili na hajawahi kuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mchungaji ana kitabu chake, alisema, na wifi ana kibuyu chake. Ng'washi alikoroga unga wa mtama kwenye maji, akampa. Milembe alisukutua, akatema upande wa miguu ya kaburi. Tena. Ya tatu akameza.

"Baba," alisema Ng'washi, akilitazama kaburi, "mkamwana wako amekuita. Hakukuita kwa dharau. Alikuwa na shida na hakuwa na mtu mwingine wa kumwita. Umsamehe." Kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida, "Na wewe nawe ungejichagulia jina jingine."

Hapo hata Milembe alicheka, unga umemganda kidevuni. Lakini walipokuwa wanarudi, Ng'washi alisema lile lililobaki. "Kiti kiko wazi, wifi. Sayi nimwite?"

"Usimwite mtu. Bado natazama."

Miezi ile iliyofuata ilikuwa migumu kwa Milembe kuliko alivyotaka watu waone. Samahani mmoja alizaa ndama mwenye doa jeupe machoni, na ndama akatembea uani bila jina kama mtoto wa kuokota. Watu walikuja wakamtazama Milembe, naye akatazama pembeni. Kinyonga mkubwa alikaa wiki nzima kwenye ua. Akapita bila kuitwa. Alikuwa akifungua mdomo, kisha anaufunga.

Specioza naye alibadilika, lakini si kwa namna iliyotazamiwa. Hakugeuka mpole wala hakuacha kucheka. Alianza kuuliza. Alimfuata mama mkwe jikoni, alimfuata kisimani.

"Mama, kwa nini Mkono-Mmoja? Mbona ule ni pua?"

"Wewe umemwona akiutumia kunusa tu?"

"Nimemwona akiinua kanga yangu."

"Basi. Mwaka nilioolewa nilimwona jike anamlisha mwanawe. Anavuta tawi, anamwekea mdomoni, anampangusa jicho, anamsukuma asianguke majini. Vyote kwa mkono ule mmoja. Nikasema, huyu ni kama mwanamke aliyebeba mzigo kichwani na mkono wa pili anaushika. Unabaki mmoja wa kufanyia kila kitu."

Specioza alifikiri. "Yule wa kwetu alikuwa dume. Yeye hakubeba kitu."

"Ndiyo. Hilo sikuliwaza." Milembe alimtazama kwa muda. Kwa miaka yote Sayi hakuwahi kumwambia jambo ambalo yeye hakuliwaza. "Na Jirani je?" akauliza. "Bado unacheka?"

"Nacheka, Mama. Lakini nilimwambia baba kule Binza kwa simu, na sasa dukani kwake kila mteja akilalamika juu ya gugu lile, wanaliita Jirani. Limefika Maswa kabla yangu."

"Hm," alisema Milembe. Alirudi kwenye chungu chake, lakini ulikuwa hm wa mtu aliyeongezewa nyama.

Mvua za kwanza zilinyesha Novemba. Walishuka bondeni na majembe, Milembe, Specioza na Ng'washi, kuandaa kipande kile cha minyaa. Pengo lilikuwa limezibwa kwa miiba. Katikati ya shamba, pale dume alipoangusha kinyesi chake, palikuwa na rundo jeusi limelainika kwa mvua, na juu yake umeota mche. Urefu wa kidole, majani mawili mawili, shina jekundu kidogo kama mshipi wa ngozi. Ng'washi aliinama akautazama, akasema haujui. Specioza alisema hata kwao hajauona. Milembe alipiga magoti polepole, akaligusa jani kwa kidole kimoja, akalinusa. Alijua kila kinachoota tangu Nkoma mpaka hapo. Huu hakuujua. Umetoka porini ndani, huko ambako watu hawafiki, umesafiri tumboni mwa Mkono-Mmoja.

Ng'washi alisimama na jembe lake akimngoja. Mdomo wa Milembe ulifunguka. Kisha akaufunga, akamnyooshea mkono mkamwana wake amwinue.

"Specioza."

"Abee, Mama."

"Huu ni wako."

Binti alimtazama shangazi wa mume wake. Ng'washi alinyanyua mabega, akatema mate pembeni, akasema, "Ana mdomo, nilisema tangu siku ya kwanza."

"Mama, mimi sijui hata kuanzia wapi. Tuuite…"

"Funga! Unakimbilia wapi, umeona nyuki?" Milembe alimpiga begani kwa kanga. "Hauitwi leo. Hata kesho. Palilia pembeni, usiukaribie na jembe. Zungushia miiba mbuzi wasiule. Utazame jua likiwa kali, utazame mvua ikiukosa. Tazama nani anakuja kwake, mdudu gani, ndege gani, na anakuja kufanya nini. Ukitoa ua, tazama ua linafunguka saa ngapi. Ukitoa tunda, usile kabla hujaona nani amelila akapona. Ndipo ufungue mdomo."

"Na nikikosea?"

"Nyumba nzima itaita ulivyokosea, na wajukuu wako watakuuliza kwa nini. Na yule ndama wa Samahani naye anakungoja, ameanza kuona haya." Alichukua jembe lake, akaanza kupanda mteremko, kisha akageuka. "Mimi usije kuniuliza kama jina ni zuri. Mimi sina kinywa. Nenda kakate miiba kabla mbuzi hawajarudi."